Feilisefu: risiva ya ndege ndogo hufanya nini mawasiliano yakikatika?

Risiva ni kile kidude chepesi, mara nyingi kidogo kuliko kiberiti, kinachofungwa tumboni mwa ndege ya rimoti. Hupokea mawimbi na kuyageuza kuwa mapigo ya umeme yanayokwenda kwa servo (vimota vidogo vinavyosogeza vibawa vya kuongozea ndege) na mota ya propela, kwa kawaida mara 50 kila sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 huiweka servo katikati, la 1 huipeleka mwisho wa upande mmoja na la 2 upande wa pili.

Mawimbi yakipotea ndege ikiwa hewani, risiva haina tena mtu wa kuisemesha. Kile ilichopangiwa kufanya dakika hiyo ndicho kinachoitwa feilisefu. Watu wengi huunganisha servo, huoanisha rimoti na risiva (yaani kuzifanya zitambuane), huona eleroni, vile vibawa vya kuinamisha ndege upande, zinacheza, kisha moja kwa moja uwanjani. Mimi naona hapo wameruka hatua muhimu kuliko zote.

Risiva hazifanani. Ziko zinazoshikilia amri ya mwisho. Ziko zinazokata mapigo kabisa, na mota husimama kwa kuwa kidhibiti chake hakisikii kitu. Nyingine hupeleka kila chaneli, yaani njia ya amri ya servo au mota moja, mahali ulipochagua mapema. Ya kuogopwa ni ile ya kwanza. Ndege ya foma inayokwenda mita 15 kwa sekunde, ikishikilia amri ya mwisho mota ikivuta, nusu dakika tu imeshafika karibu nusu kilomita, na haichagui itaangukia shamba au kichwa cha mtu.

Kwa ndege ya kujifunzia, pangilia hivi: mota izimwe, eleveta (kibawa cha mkiani cha kupandisha au kushusha pua) ibaki katikati, na usukani wa mkia uelekee upande kidogo ili ndege izunguke ikishuka karibu, isinyooke kwenda mbali. Kuzima mota ndilo la lazima. Hayo mengine yanategemea umbo la ndege.

Mtego uko kwenye kuoanisha. Risiva nyingi huhifadhi feilisefu wakati uleule wa kuoanishwa, kwa kunakili stiki zilipo. Kidole kikiwa kimeacha stiki ya mota nusu, basi nusu ndiyo iliyoandikwa. Hatari zaidi ni kugeuza mwelekeo wa chaneli ya mota baada ya kuoanisha: pigo lililohifadhiwa kama mota kuzimwa sasa linaweza kumaanisha nguvu zote. Kwa hiyo maliza kwanza mipangilio yote ya rimoti, halafu oanisha upya au hifadhi feilisefu upya.

Kisha jaribu chini. Vua propela, wala usiseme "ni mara moja tu". Sogeza stiki mpaka mota izunguke taratibu, halafu zima rimoti. Sikiliza: ule mvumo unapaswa kufa ndani ya sekunde moja au mbili, na usukani ujisogeze wenyewe mpaka ulipoupangia. Mvumo ukiendelea, ndege hiyo hairuki leo.

Feilisefu haiwezi kuokoa risiva iliyokosa umeme. Servo zikivuta kwa pamoja na volti ikaporomoka, risiva hujizima na hakuna amri inayotoka. Wala haifidii antena iliyofungwa vibaya. Kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, ile ncha ya antena ya milimita 31 hivi isiyo na kava ndiyo inayopokea. Inyooshe, iepushe na betri na kaboni, na kama ziko mbili ziweke kwa pembe ya nyuzi 90, maana kila antena husikia vibaya upande inakoelekeza ncha yake.

Siku mawasiliano yakikatika kweli, shusha stiki ya mota hadi chini huku ukisubiri. Yakirudi, risiva hufuata stiki papo hapo, na ukiwa umeiacha juu mota itafyatuka tena. Hata ndege ikishatua majanini, usizime rimoti. Nenda nayo mkononi, ishike ndege nyuma ya propela, chomoa betri yake, ndipo uzime rimoti.