Hospisi bora ni ipi? Maana ya ubora pale mgonjwa asipotarajiwa kupona

Hospitali ya kawaida watu huihukumu haraka: mgonjwa kaingia kwa machela, katoka kwa miguu yake, basi hospitali ni nzuri. Hospisi, yaani huduma ya kumtuliza na kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, haina kipimo hicho. Wengi wanaoandikishwa humo watafariki, na kifo chenyewe si ushahidi kwamba huduma ilikuwa mbovu, kama ambavyo kuishi miezi mitatu zaidi ya daktari alivyokadiria si ushahidi kwamba ilikuwa nzuri. Ndiyo maana familia nyingi, zikiulizwa baada ya msiba huduma ilikuwaje, hujibu tu kwamba wauguzi walikuwa na roho nzuri. Roho nzuri ni jambo kubwa. Lakini muuguzi asiyejua kupanga dozi ya morfini, dawa ya kutuliza maumivu makali, atamwacha mgonjwa akilia usiku kucha, hata awe mpole namna gani.

Ubora wa hospisi, kwa maneno machache, ni kiasi ambacho huduma inampunguzia mgonjwa mateso ya mwili, ya moyo, ya imani na ya mfuko. Inafuata anachotaka yeye mwenyewe. Na inawapa wanaomuuguza maarifa na nguvu, tangu siku ya kuandikishwa mpaka baada ya mazishi. Kila kipande cha maelezo hayo kinaweza kuchunguzwa hata na mtu asiyesomea udaktari.

Tuondoe kwanza suala la jengo, maana ndilo linalowapoteza wengi. Daktari Cicely Saunders alipofungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, ilikuwa nyumba yenye vitanda, na picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Nairobi Hospice iliyoanza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mjini Kampala mwaka 1993, ziliweka nguvu katika kumfuata mgonjwa nyumbani kwake. Tanzania, ambako huduma hii inajulikana zaidi kwa jina la tiba shufaa, mara nyingi ni kitengo ndani ya hospitali, mfano Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam au Selian mkoani Arusha. Anayekwenda kukagua hospisi kwa kuangalia vigae na bustani atakuwa amekagua kitu kingine kabisa. Ofisi inaweza kuwa vyumba viwili na gari moja bovubovu, na huduma ikawa ya hali ya juu.

Wataalamu wa ubora wa afya hutegemea mgawanyo uliotolewa mwaka 1966 na daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani. Alisema tuangalie mambo matatu: kilichopo (watu, dawa, vifaa), kinachofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. Kilichopo ni rahisi kuhesabu, kwa hiyo ripoti nyingi hujaa idadi ya wauguzi na magari. Mimi ningeanzia kwenye kinachofanyika, na humo ningeanza na chupa ya morfini.

Morfini ya kunywa ni dawa ya maji inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa morfini na maji pamoja na kihifadhi. Haina gharama kubwa, na ndiyo nguzo ya kutuliza maumivu makali ya saratani. Hospice Africa Uganda walizoea kuitia rangi ya chakula kulingana na nguvu yake, ile nyepesi ikiwa ya kijani, ili mgonjwa asiyejua kusoma asichanganye chupa. Mwaka 2004 Uganda ilikwenda mbali zaidi na kuwaruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kumwandikia mgonjwa dawa hiyo, kwa sababu madaktari ni wachache na maumivu hayamsubiri daktari afike wilayani.

Sasa chukua hiyo chupa uiangalie. Je, lebo inasema idadi ya mililita na saa za kunywa? Morfini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yarudi. Dozi ya kulalia kwa kawaida huongezwa maradufu ili mgonjwa avuke usiku bila kuamshwa. Ukiona imeandikwa "kunywa ukisikia maumivu" peke yake, kwa mtu mwenye maumivu ya kudumu, aliyeandika hajafundishwa vizuri. Kisha tafuta dawa ya pili mezani: ya kulainisha choo. Morfini hufunga tumbo karibu kwa kila anayeitumia mfululizo, na mgonjwa aliyekaa wiki nzima bila choo anaweza kuteseka kuliko alivyoteswa na uvimbe. Wahudumu wazoefu huiandika siku ileile, na pale dawa ya dukani isipopatikana wapo wanaoelekeza mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Nchini Marekani jambo hili limewahi kuwa kigezo rasmi cha kupima hospisi: mgonjwa aliyepewa dawa za jamii ya morfini, je, alipangiwa pia dawa ya choo? Nakipenda kigezo hicho kwa sababu hakidanganyiki. Muuguzi anayekumbuka choo atakuwa amekumbuka na mengine.

Harufu ni jambo la namna hiyohiyo. Saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi ikishatoboa kidonda, harufu yake inaweza kuwafukuza wageni, na baadaye watoto, mpaka mgonjwa abaki peke yake chumbani kwa aibu. Vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua bakteria, vikisagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda hupunguza harufu hiyo sana. Gharama yake ni ndogo. Timu inayofika mara mbili, inapima presha, inaandika kwenye daftari na kuondoka bila kuigusa habari ya harufu, haijafanya kazi iliyoiita huko, hata kama ziara zake zote zimo kwenye ripoti.

Matokeo je? Hapa ndipo watu husema haiwezekani kupima, wakidhani amani ya moyo haihesabiki. Inahesabika. Chama cha Tiba Shufaa Afrika, APCA, chenye makao yake Kampala, kina dodoso fupi la maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Mgonjwa anaulizwa kuhusu siku tatu zilizopita: maumivu, dalili nyingine kama kichefuchefu au kukosa pumzi, wasiwasi, kama ameweza kuwaeleza wenzake anavyojisikia, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama familia imesaidiwa kupanga mambo ya mbele. Jibu ni namba, kuanzia sifuri hadi tano, na asiyetaka namba anatumia mkono: ngumi ni sifuri, vidole vyote vitano ndio mwisho.

Muuguzi anaingia: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Maumivu ya siku hizi tatu, ni vidole vingapi?" Mama anaonyesha viwili, binti yake akiwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Muuguzi anayeijua kazi yake haandiki bado. Anamwomba binti maji ya kunawa, anauliza tena taratibu, na mkono unafunguka wote. Wazazi wengi hawatasema wanaumwa mbele ya watoto wao, na dodoso likijazwa barazani mbele ya ukoo mzima halisemi kitu. Kwa hiyo ukitaka kujua hospisi inapima matokeo kweli, usiulize kama wana fomu. Uliza inajazwa wapi, nani akiwepo, na namba ikipanda kutoka mbili hadi nne nini hufuata siku hiyohiyo.

Maswali matatu ya anayeuguza yanastahili uzito kuliko yanavyopewa. Yanauliza kama familia imepewa maelezo ya kutosha, kama inajiamini katika kumtunza mgonjwa, na ina wasiwasi kiasi gani. Katika nyumba zetu anayeuguza mara nyingi ni mtu mmoja, dada au mke, wengine wakija na matunda Jumapili. Hospisi nzuri humfundisha huyo kugeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo wake mwenyewe, kumsafisha kinywa asipoweza kunywa, kutofautisha usingizi wa dawa na dalili za mwisho. Pia humwondolea hofu kwamba morfini itamuua mgonjwa au kumfanya teja. Hofu hiyo ndiyo inayofanya chupa ifichwe kabatini huku mtu analia. Morfini ikitolewa kwa kipimo na kuongezwa hatua kwa hatua, inatuliza bila kuharakisha kifo. Kama hakuna aliyekaa chini na familia kulizungumza hilo, dawa imetolewa na huduma haijatolewa.

Kuna na suala gumu la ukweli. Ndugu humvuta muuguzi pembeni: "Usimwambie, atakata tamaa." Sioni kama ubora ni kumwaga habari zote kitandani kwa jina la uwazi. Wala kuungana na ndugu kumdanganya mtu mzima kuhusu mwili wake sikubali kuuita huruma. Mhudumu mzuri humuuliza mgonjwa mwenyewe: unaelewa nini kuhusu ugonjwa huu, na ungependa kujua kiasi gani? Wapo watakaosema mwambieni kaka yangu. Wengine wana shamba lisilo na hati, mtoto wa nje asiyejulikana, deni, au wanataka kumwona sheikh au padri kabla ulimi haujawa mzito. Muda wa kuandika wosia ukipotea haurudi.

Swali moja ambalo ningemshauri yeyote aulize kabla ya kutia saini: nikipiga simu saa nane za usiku, nani anapokea, na anaweza kufanya nini? Maumivu, kukosa pumzi na kuchanganyikiwa huzidi usiku. Hospisi nyingi za Afrika Mashariki haziwezi kutuma gari usiku, na hilo si aibu. Zinaweza, hata hivyo, kuacha dozi za dharura zilizoandikwa wazi, na kuwa na mtu wa zamu anayepokea na kuelekeza. Jibu la "njooni asubuhi tuonane" linatosha kukuonyesha umefika wapi. Uliza pia morfini ikiisha ghalani hufanyaje, maana huisha. Watakaokujibu kwa jina la hospitali wanayokopa kwake wamewahi kulifikiria.

Dalili mbaya hazihitaji maelezo marefu. Anayeahidi kuponya saratani iliyosambaa si hospisi. Anayetaka amana kubwa kabla ya kumwona mgonjwa, anayekataa kuandika bei, au anayekukataza kurudi hospitali ukibadili mawazo, muache.

Kwa Waswahili walioko Marekani hatari ni ya sura nyingine, nayo inatokana na namna malipo yanavyokwenda. Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, hulipia hospisi tangu miaka ya 1980, kwa mgonjwa ambaye madaktari wamethibitisha kwamba ugonjwa ukifuata mkondo wake wa kawaida ana miezi sita au chini ya hapo. Malipo mengi ni ya kwa siku, muuguzi aje asije. Mwanya huo umewavutia matapeli: wanagonga milango ya wazee, wanaahidi kiti cha magurudumu cha bure na maziwa ya lishe, kisha wanamwandikisha mtu asiye karibu na kufa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba jimbo la California lilisimamisha leseni mpya za hospisi kuanzia 2022. Mzee aliyetia saini bila kuelewa anaweza kwenda kliniki yake ya kawaida akaambiwa matibabu ya ugonjwa huo hayalipiwi tena, kwa kuwa kujiunga na hospisi ni kuacha tiba ya kuponya ugonjwa huo. Anaweza kujitoa wakati wowote kwa maandishi, na wengi hawalijui hilo.

Faida ya huko ni kwamba takwimu ziko wazi. Tovuti ya Medicare iitwayo Care Compare inaonyesha maoni ya familia zilizofiwa, na kiwango cha wagonjwa waliotembelewa na muuguzi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika angalau siku mbili kati ya tatu za mwisho. Hicho cha mwisho nakiamini kuliko nyota zinazotolewa kutokana na maoni hayo, kwa sababu hapo ndipo kampuni inayotafuta faida ingependa kuokoa petroli. Angalia pia wangapi huondolewa wakiwa hai. Wachache ni kawaida, kwa kuwa wapo wanaopata nafuu. Wakiwa wengi mno, ama wameandikishwa wasiostahili, ama wanatupwa pale matibabu yao yanapoanza kuwa ghali.

Huku nyumbani, kusema kweli, kuchagua ni anasa. Wilaya nyingi zina timu moja au hazina kabisa, na familia inashukuru yeyote anayefika. Hiyo haifanyi tathmini kuwa kazi bure, ila inabadilisha matumizi yake. Huulizi ili uhame. Unauliza ili upewe. Timu iliyozidiwa na wagonjwa humkumbuka ndugu aliyesema wazi, "Dawa ya choo haijaandikwa, na namba ya usiku hatuna." Andikeni hayo mawili kwenye karatasi kabla ya ziara ya kwanza, pamoja na la tatu: baada ya mazishi, nani atakuja kuchukua morfini iliyobaki, na ataonana na yule aliyeuguza, au atachukua chupa tu?