Nafasi ya Diski Inapopungua Ghafla Baada ya Kusakinisha Programu: Pima Kwanza, Futa Baadaye

Miongoni mwa malalamiko yanayofika mara kwa mara kwenye dawati letu la huduma za TEHAMA ni hili: mtumishi amesakinisha programu ambayo maelezo yake yanasema inahitaji megabaiti 900, lakini akitazama diski C anakuta gigabaiti 9 au 10 hazipo. Hatua inayofuata ndiyo inayotutia wasiwasi, kwa kuwa wengi huingia ndani ya folda ya Windows na kufuta chochote kinachoonekana kikubwa, na kompyuta iliyokuwa na upungufu wa nafasi tu hugeuka kuwa kompyuta isiyowaka. Makala haya yanaeleza nafasi hiyo huenda wapi na namna ya kuifuatilia kwenye kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11.

Lipo jambo moja dogo la kuondoa njiani. Diski inayouzwa kuwa ya GB 500 huonekana ndani ya Windows kuwa na takriban GB 465, na ya GB 256 huonekana kuwa na 238. Muuzaji hakudanganya: mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Tofauti hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, hivyo haihusiki na nafasi iliyopotea jana.

Tuje kwenye programu yenyewe. Faili ya usakinishaji huwa imebanwa ili iwe nyepesi kupakua. Ukiibofya, yaliyomo hufunguliwa kwanza ndani ya folda ya muda, kisha hunakiliwa hadi mahali pake pa kudumu, mara nyingi ndani ya Program Files. Kwa hiyo kipo kipindi ambacho programu moja imekalia diski mara tatu: faili uliyoipakua, ambayo bado ipo ndani ya Downloads, mafaili yaliyofunguliwa kwa muda, na programu yenyewe. Programu iliyoundwa kwa uangalifu hujisafishia. Nyingine huacha mabaki, hasa umeme ukikatika katikati ya kazi. Draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia kifaa) za kadi za picha za NVIDIA, kwa mfano, zinaweza kufunguliwa katika folda yenye jina hilo juu kabisa ya diski C, na mabaki yake yakasalia pale muda mrefu baada ya kazi kwisha.

Ipo pia nakala ambayo watumiaji wengi hawaifahamu. Programu zinazosakinishwa kwa utaratibu wa Windows Installer huhifadhi kifurushi chao, pamoja na marekebisho yanayofuata, katika folda iliyofichwa ya C:\Windows\Installer. Kwenye kompyuta iliyotumika miaka kadhaa, folda hii inaweza kufikia gigabaiti nyingi, na kwa sababu majina ya mafaili yake ni tarakimu na herufi zisizo na maana kwa msomaji, huonekana kama takataka. Si takataka. Windows hurejea kwenye mafaili hayo inapotaka kurekebisha, kusasisha au kuondoa programu husika. Ukiyafuta kwa mkono, leo hutaona tatizo lolote. Miezi mitatu baadaye sasisho litakataa kuingia na programu yenyewe itakataa kutoka, na wakati huo hakuna atakayekumbuka chanzo. Ninawasihi wasomaji wasiiguse folda hii, hata kama rafiki mwenye ujuzi amewashauri kufanya hivyo.

Folda ya WinSxS, iliyo ndani ya folda ya Windows na inayohifadhi vijenzi vya mfumo, nayo hushutumiwa bila haki. Inaonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa mafaili yake mengi ni yale yale yanayoonekana pia kwingineko ndani ya Windows, na File Explorer, dirisha la kutazamia mafaili, huyahesabu mara mbili. Ukubwa wake halisi hupatikana kwa amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore, ambayo huandikwa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Amri hiyo pia hueleza kama kusafisha kunapendekezwa.

Hata hivyo, mara nyingi programu iliyosakinishwa haina hatia kabisa. Mtu ambaye kompyuta yake huwa nje ya mtandao kwa wiki nzima hununua bando, huunganisha simu, na kupakua programu anayoihitaji. Katika saa hiyo hiyo Windows nayo hupata fursa ya kupakua masasisho yaliyokuwa yakisubiri, na OneDrive au Google Drive, yaani huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni, huanza kushusha mafaili yaliyoko kwenye akaunti yake. Yeye anaona tendo moja, kompyuta imefanya matatu. Ikiwa sasisho lilikuwa toleo jipya la Windows, mfumo wa zamani huhifadhiwa katika folda ya Windows.old, ambayo mara nyingi huzidi GB 10 na kwa kawaida hufutwa na Windows yenyewe baada ya siku 10. Aliyekuwa na subira hurudishiwa nafasi yake bila kufanya lolote.

Sababu nyingine ni sehemu za kurejesha mfumo. Pale ulinzi wa mfumo unapokuwa umewashwa, Windows inaweza kuhifadhi hali ya mfumo kabla ya programu mpya kuingia, ili mambo yakiharibika uweze kurudi nyuma. Kumbukumbu hizo hukaa katika folda ya System Volume Information, ambayo mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuifungua. Ndiyo maana mtu hujumlisha folda zote anazoziona na kupata GB 70, ilhali diski inasema GB 90 zimetumika. Amri ya vssadmin list shadowstorage, ikiandikwa katika dirisha la amri la msimamizi, itaonyesha kiasi kilichochukuliwa, na kikomo chake hupunguzwa katika mipangilio ya ulinzi wa mfumo.

Faili ya pagefile.sys, inayosaidia pale RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) inapojaa, hutanuka yenyewe unapofungua programu nzito, na kwa kawaida hupungua ukiwasha kompyuta upya. Jirani yake hiberfil.sys huhifadhi kazi zilizo wazi kompyuta inapojizima kwa kuhifadhi hali yake, na kwa kawaida huchukua takriban asilimia 40 ya RAM, yaani zaidi kidogo ya GB 3 kwa kompyuta yenye GB 8. Wapo mafundi wanaoiondoa kwa powercfg /hibernate off. Kwa kompyuta mpakato sishauri hivyo, kwa sababu betri ikikaribia kuisha faili hiyo ndiyo inayoinusuru kazi ambayo hujaihifadhi.

Basi unapoona nafasi imepungua, andika kwanza idadi ya gigabaiti zilizobaki, uwashe kompyuta upya, kisha ulinganishe. Fungua Mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha hifadhi, usome mgawanyo ulioonyeshwa. Usipotosheka, tumia WinDirStat au WizTree, programu zinazoonyesha ukubwa wa kila folda, ukiifungua kwa mamlaka ya msimamizi ili isome hata folda zilizofichwa. Ukishajua folda iliyovimba, safisha kwa zana ya Windows yenyewe kupitia orodha ya mafaili ya muda, na kabla ya kubofya hakikisha kisanduku cha Downloads hakina alama ya vema. Nimewahi kumpokea mwanafunzi aliyepoteza rasimu ya tasnifu kwa kisanduku hicho kimoja.

Kuiondoa programu hakurudishi nafasi yote. Mipangilio, nakala rudufu za simu na barua pepe zilizohifadhiwa hubaki ndani ya folda zilizofichwa za AppData au ProgramData, na humo ndimo pa kutazama, baada ya kuhakikisha kwamba huzihitaji tena.

Ikiwa nafasi inaendelea kupungua kila saa ilhali husakinishi chochote, huenda programu fulani inaandika ripoti za makosa mfululizo, au virusi vimeingia, hasa kama programu ilitoka kwenye flashi ya mtu au ni ya kuvunjwa leseni. Katika hali hiyo nakili kazi zako muhimu kwenye diski ya nje na uilete kompyuta kwa fundi, pamoja na zile tarakimu ulizoandika na saa ulizoziandika.