Chuma kinachoelea kilomita 100 juu na kwa nini modeli zetu hazikipati vizuri

Nikisema kazi yangu ni kuunda modeli za anga kwenye kompyuta watu wanadhani utabiri wa mvua, eti nikawaambie kama jumamosi watafua. Mvua hainihusu bana. Mi nashughulika na kilomita 90 hadi 130 kwenda juu, na huko nafuatilia ayoni za metali, yaani atomu zilizopoteza elektroni: chuma, magnesi, sodiamu kidogo.

Zinatokana na vimondo, na sanasana ni vumbi dogodogo ambalo hata hulioni, linaingia kwa kasi ya kilomita 11 mpaka 72 kwa sekunde, linachemka na metali zake zinabaki hewani kama mvuke. Sodiamu inatoka mapema, chuma na magnesi baadaye, kalsiamu ndo ya mwisho mwisho. Halafu zinanyang'anywa elektroni. Hapo ndo utamu ulipo, maana ayoni ya kawaida ya huko juu kama NO+ (nitrojeni na oksijeni zilizoshikana) ikikutana na elektroni inavunjika vipande viwili na habari yake imeisha ndani ya dakika chache, ila chuma ni atomu moja, hakina cha kuvunjika, basi kinadumu masaa mengi, hata siku kadhaa, na muda wote huo upepo unakisukumasukuma.

Sasa upepo ukivuma kuelekea mashariki, ugasumaku wa dunia unazipandisha ayoni juu, ukivuma kuelekea magharibi unazishusha. Ukivuma kuelekea magharibi kule juu na kuelekea mashariki chini yake, unajua kinachotokea, zote zinabanwa katikati. Mwanafizikia Whitehead alishalieleza hili tangu 1961. Linatokea tabaka jembamba sana, kilomita moja hadi tatu hivi, ndo ile sporadiki E inayofanya mtu wa redio ya VHF apate kituo kilichoko zaidi ya kilomita elfu moja.

Fizikia yake basi si siri. Shida ni gridi, yaani vile visanduku ambavyo modeli inaigawa anga. Modeli ya anga ya dunia nzima kama ile inayoitwa WACCM ukiiendesha kawaida, hatua zake za wima kwenye kimo hicho ni kilomita kadhaa, yaani unapima unene wa chapati kwa rula isiyo na milimita. Tupige hesabu: tabaka la kilomita moja lenye elektroni milioni moja kwa kila sentimita ya ujazo linarudisha mawimbi ya redio yaliyopigwa wima mpaka megahezi 9. Limwage kwenye kisanduku cha gridi cha kilomita 4, wastani unashuka hadi laki mbili na nusu, megahezi zinabaki 4.5. Hakuna ayoni hata moja iliyopotea, kemia yako iko sawa kabisa, na bado jibu ni nusu! Ndo maana mtu akinionyesha mchoro wake mzuri wa rangi rangi kitu cha kwanza namuuliza gridi ya wima ni kilomita ngapi.

Cha pili namuuliza upepo kautoa wapi. Kilomita 100 ni juu mno kwa ndege na puto, na ni chini mno kwa satelaiti kukaa, kwa hiyo upepo wenyewe mara nyingi nao umetoka kwenye modeli nyingine, tunarundika makisio juu ya makisio.

Halafu kuna ikweta ya sumaku, ambayo kwetu huku haipiti Nanyuki, Kenya, penye lile bango la ikweta ya kawaida, inapita juu huko Ethiopia. Pale mistari ya sumaku imelala kabisa, elektroni haziwezi kuzifuata ayoni juu na chini, unajengeka umeme unaozuia mkusanyiko, hivyo kwa nadharia tupu tabaka lisingetakiwa kutokea, na bado linaonekana mara nyingine. Juni 2025 NASA walirusha roketi kutoka Kwajalein, kisiwa cha Pasifiki karibu na ikweta hiyo, kwenye mradi wa SEED wa kuchunguza sporadiki E, nyingine zikaachia mvuke wa rangi ili upepo upimwe palepale unapovuma. Hizo namba za upepo ndo nazisubiri niziingize kwenye modeli yangu, kabla hata ya kuomba supakompyuta kubwa zaidi.