Mishale ya alumini iliyoachwa kutengenezwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapiga upinde wa jadi wa Marekani wana maradhi yao matamu: kusaka mishale ya alumini ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza. Nazungumzia watu wanaowinda kulungu kwa upinde usio na kapi wala kifaa cha kulengea, vidole kwenye uzi na macho kwa mnyama. Mmoja wao akifungua sanduku la marehemu babu yake akakuta dazeni ya mirija ya rangi ya chungwa yenye chapa ya XX75 Autumn Orange, yaani chungwa la majani ya vuli, wenzake hawakawii kupiga hodi. Hapo ndipo maneno huanza: metali ya siku zile ilikuwa nyingine kabisa, kaboni ni ujanja wa wauzaji, mshale wa kweli ulikwisha alumini ilipoondoka madukani.

Baadhi ya maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini mengi yanaimwagia sifa metali isiyostahili sifa hizo. Kinacholiliwa kipo kweli, ila kimo kwenye namba zilizochapwa ubavuni mwa mrija. Namba hizo zenyewe ni rahisi kuzisoma. Tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo, kwa sehemu za 64 za inchi. Mbili za mwisho ni unene wa ukuta wa mrija, kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa hiyo 2117 ni mrija wenye kipenyo cha inchi 21/64 na ukuta wa inchi 0.017. Ukiishika hiyo, nusu ya hadithi za vijiweni zinajipangua zenyewe.

“Alumini si mshale wa jadi”

Hili husemwa zaidi na wapenzi wa mishale ya mbao, na kwa mtu anayechonga kila kitu kwa mkono wake sina ubishi naye. Lakini anayelisema huku ameshika upinde uliobandikwa matabaka ya fiberglasi, aina iliyoenea miaka ya 1950, ajiangalie kwanza.

Doug Easton, mwanzilishi wa kiwanda cha mishale hiyo, alianza kutengeneza pinde na mishale ya mbao mwaka 1922 huko Watsonville, California, kisha mwaka 1932 akahamia Los Angeles. Kilichomkera ni mbao yenyewe. Miti miwili ya aina moja, hata vipande viwili vya mti mmoja, havipindi sawasawa, na mpigaji anataka mishale kumi na miwili inayofanana. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akijaribu alumini, na mwaka 1941 Larry Hughes akatwaa ubingwa wa taifa wa Marekani kwa mishale yake. Vita vikaikomba alumini yote kwenda kwenye ndege. Vilipokwisha, mirija ikaingia sokoni mwaka 1946, XX75 ikafuata mwaka 1958 na X7 mwaka 1966.

Sasa linganisha na upinde wenye kapi, ule ambao watu wa jadi wanaukimbia. Holless Wilbur Allen wa Missouri aliuombea hataza mwaka huohuo wa 1966, akaipata mwaka 1969. Yaani kwa miaka ishirini mshale wa alumini haukuwa na upinde mwingine wa kukalia isipokuwa huu wa jadi.

“Alumini ya zamani ilikuwa kakamavu zaidi”

Hapa ndipo penye kosa kubwa, na ndipo nitakapokaa.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukakamavu ni jinsi mrija unavyokataa kupinda unapoelemewa, kisha ukarudi ulivyokuwa. Uimara ni kiasi gani utavumilia kabla ya kupinda moja kwa moja na kubaki hivyo. Aloi za alumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, hutofautiana sana katika uimara. Katika ukakamavu karibu zote ni sawa. XX75 imetengenezwa kwa aloi ya 7075, X7 kwa 7178 iliyo imara zaidi, na zile za bei nafuu kwa aloi dhaifu kuliko hizo. Lakini chukua mirija ya daraja tofauti yenye namba moja ubavuni, ya mwaka 1965 au ya juzi, nayo itapinda karibu sawa. Aliyelipia daraja la juu alilipia mshale ulionyooka zaidi na usiopindishwa kirahisi na jiwe. Ukakamavu ulikuwa umekwisha kuamuliwa na kipenyo na ukuta.

Hupimwa hivi: mrija huegemezwa kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati unaning’inizwa uzito wa ratili 1.94, kama gramu 880, na kinachosomwa ni umebonyea inchi ngapi. 2117 hubonyea inchi 0.400. 2018 hubonyea 0.464, na 2213 hubonyea 0.460. Angalia hizo mbili za mwisho: kwa upinde ni kama mshale mmoja. Ila 2018 ina uzito wa greni 12.3 kwa kila inchi na 2213 ina 9.8. Kwenye mrija wa inchi 28 tofauti hiyo ni karibu greni 70, yaani gramu nne na nusu, bila kugusa ukakamavu. Chagua mrija mnene wenye ukuta mwembamba, upate mshale mwepesi wa kasi. Au mwembamba wenye ukuta mnene, upate mshale mzito wa kuzama. Huo ndio utajiri uliopotea. Mwindaji aliweza kuuweka uzito na ukakamavu kila mmoja mahali pake.

Na kwa upinde wa jadi jambo hili si la anasa. Mpini wa pinde nyingi za jadi haukukatwa hadi kupita katikati pale mshale unapolala, kwa hiyo mshale ukiachiwa hauna njia iliyonyooka mbele yake. Hujikunja ukauzunguka mpini, ukajikunja upande wa pili, kisha ukatulia hewani. Clarence Hickman, mwanafizikia, alilionyesha hilo kwa kamera za kasi miaka ya 1930. Mshale uliokakamaa mno hugonga mpini na kwenda kando. Uliolegea mno huenda kando ya pili. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia wa kwanza huelekea kushoto na wa pili kulia, na hakuna mazoezi yatakayoutibu.

“Kiwanda kilitudharau”

Dharau ni neno zito. Hesabu ya duka inatosha kueleza. Mirija ya kaboni ilipopata bei nafuu, ikaja na madaraja machache, yakitajwa kwa mbonyeo uleule kwa sehemu za elfu za inchi: 500, 400, 340, 300. Manne hayo yakawatosha wawindaji wengi wa pinde zenye kapi, ambao ndio wateja walio wengi, na mpini wa upinde wao umekatwa hadi kupita katikati, hivyo unasamehe. Alumini ilidai rafu nzima ya namba. Mwenye duka akiwekewa mbele yake masanduku manne au thelathini, sihitaji kukuambia alichagua nini.

Zilizoumia ni namba laini: 1816, 1916 na jamaa zake, zilizowafaa watu wenye pinde zinazovutwa kwa nguvu ya ratili 35 hadi 50. Hao ndio hasa watu wa jadi. Kwa hiyo malalamiko yao yana haki, ila yanamlenga mtu asiye na hatia. Hakuna mhandisi aliyeamua alumini ni mbovu.

“Alumini imekufa”

Haijafa. XX75 Gamegetter bado inauzwa, ingawa kwa namba chache. Kwenye mashindano ya ndani ya ukumbi wengi hutafuta mshale mnene ili uguse mstari wa alama ya juu, na sheria ya World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, inaruhusu kipenyo kisichozidi milimita 9.3. Mrija wa 2315 una milimita 9.1, na wapo mabingwa wanaoutumia. Hata X10, mshale uliotawala Olimpiki tangu Atlanta 1996, una mrija wa alumini ndani ya vazi lake la kaboni. Wanaoitukana kaboni huwa hawalitaji hili.

“Mshale wa alumini ukipinda, tupa”

Kinyume chake. Huu ndio mshale unaonyoosheka. Kuna mashine ndogo yenye vigurudumu na saa ya kupimia: unauzungusha mrija, sindano inakuonyesha pale ulipopinda, unabonyeza kidogo kwa wenzo, unapima tena. Kunyoosha mshale ni kazi ya kale kuliko metali yoyote; Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hunyoosha mishale yao ya mti kwa moto na meno, na wanaipata. Kisichonyoosheka ni mrija uliobonyea ukuta au wenye ufa, hasa karibu na mkia. Huo utupe.

Kaboni haipindi ikabaki imepinda. Iko sawa au imevunjika. Watu huisifu kwa hilo, na sifa ni ya haki, ila yatosha ufa mmoja usioonekana mshale upasukie mkononi unapoachia uzi. Ndiyo maana mtumiaji wa kaboni huukunja kidogo kila mshale na kuusikiliza kabla ya kuupiga tena.

Na wanaodai kaboni haiwezi kuwa nzito wamepitwa. Kipande cha shaba nyeupe cha greni 100 nyuma ya kigumba kinamaliza ubishi huo, ingawa uzito ukikusanyika mbele hivyo mrija hutenda kama umelegea zaidi, na hesabu inaanza upya. Alumini iliugawa uzito huo urefu mzima.

“Rangi ya chungwa ilimshtua mnyama”

Hapana. Kulungu wa mkia mweupe hana chembe za jicho za kupokea wekundu, kwa hiyo chungwa kwake ni rangi iliyofifia. Buluu ndiyo anayoiona vizuri. Aliyepata taabu ni mwindaji mwenyewe, akiutafuta mshale wa rangi ya chungwa katikati ya majani ya mwezi wa Oktoba. Jina lenyewe lilimwonya.

“Mkia wa zamani ulikuwa bora”

Mirija ya zamani ilifinywa mwishoni ikachongoka kama pia ya mtoto, na kile kipande cha plastiki kinachokamata uzi kikagundishwa moja kwa moja juu yake. Wengi wanaupenda mtindo huo, na mimi nauona mzuri wa sura. Lakini plastiki ikikaa upogo kidogo tu mshale unayumba, na mshale wa nyuma ukiigonga ile pia, mrija mzima umekwisha. Vishikio vya kuchomeka vilivyokuja baadaye hupokea pigo hilo na kubadilishwa kwa dakika.

Anayenunua mirija ya kale aibiringishe juu ya kioo kabla ya kulipa, apitishe ukucha ubavuni kutafuta mbonyeo, na aikague ile pia ya mkiani kwenye mwanga mkali. Vigumba vyake vinaweza kutolewa kwa kupashwa moto, kwa kuwa viligundishwa kwa gundi inayoyeyuka, jambo ambalo kwenye kaboni ni hatari. Moto uwe mdogo na upashwe kigumba, si mrija. Alumini hii ilikazwa kiwandani, na joto likizidi hulegea mahali pale pale palipounguzwa, bila kubadilika sura.

Na asiyeipata 1916 yake bado ana njia. Mrija mrefu zaidi hutenda kama uliolegea, na kigumba kizito hufanya vilevile, hivyo mwenye upinde wa ratili 42 anaweza kuchukua 2016, auache na urefu wake wote, aweke kigumba cha greni 145 au 175, kisha apige bila manyoya kutoka hatua chache akiangalia mkia unaangukia upande gani. Ukionyesha umelegea, anakata robo inchi na kupiga tena.