Maswali na majibu: Kompyuta inavyosaka jeni zinazoiweka hai seli ya saratani

Kwa nini watafiti hukata jeni za seli za saratani?

Ili kujua ni ipi ambayo seli haiwezi kuishi bila yake. Kimeng'enya Cas9 hukata DNA pale kinapoongozwa na RNA elekezi, yenye herufi 20 zinazolingana na jeni inayolengwa. Maktaba iitwayo Brunello ina RNA elekezi 76,441, kwa kawaida nne kwa kila jeni. Huingizwa kwa virusi kwenye seli za maabara, si kwa mgonjwa, na kwa kipimo kidogo: virusi 3 hivi kwa seli 10, ili seli nyingi zilizoambukizwa zipate RNA moja tu. Baada ya wiki mbili au tatu huhesabiwa RNA zipi zimebaki na zipi zimepungua: iliyopungua huashiria kuwa seli zilizokatwa jeni hiyo zimekufa au zimeacha kuongezeka.

Hesabu inakwendaje?

RNA huhesabiwa kwa mashine ya kusoma DNA. Tuseme RNA fulani ilisomwa mara 400 mwanzoni, kati ya usomaji milioni 20, na mara 100 mwishoni, kati ya milioni 40. Ukisema imepungua mara nne umekosea. Gawanya kwanza: 20 kwa kila milioni, kisha 2.5. Imepungua mara nane, yaani −3 kwa logi ya kizio cha 2 (imekatwa nusu mara tatu).

Halafu programu kama MAGeCK, iliyotoka 2014, hupima RNA zote za jeni hiyo kwa pamoja. Moja ikishuka peke yake, huenda imekata pasipotakiwa. Tatu zikishuka, hapo pana jambo.

Makosa makubwa hutokea wapi?

Mara nyingi kabla kompyuta haijawashwa. Ukitaka seli 500 kwa kila RNA, unahitaji seli milioni 38, na hizo zina takriban mikrogramu 250 za DNA. Anayeweka mikrogramu 10 tu kwenye PCR (hatua ya kunakilisha DNA ili isomwe) amebaki na seli kama 20 kwa kila RNA. Nyingine zitapotea kwa bahati mbaya tu, na hakuna programu itakayozirudisha. Tunalisisitiza hili kwa sababu jedwali litakalotoka litaonekana safi kabisa. Kwa hiyo angalia kwanza jeni za ribosomu, viwanda vya protini ambavyo kila seli huvihitaji: lazima zishuke. RNA zisizolenga jeni yoyote zibaki karibu na 0. La sivyo, rudi maabara.

Mtego mwingine ni nakala. Seli za saratani huweza kubeba nakala kumi au zaidi za kipande kimoja cha kromosomu. Cas9 hukata kila nakala, seli ikalemewa na majeraha ya DNA na kuacha kugawanyika, hata kama jeni yenyewe haina kazi pale. Ukiona jeni jirani zimeshuka kwa mkupuo, shuku hilo. Programu za CERES (2017) na Chronos (2021) husahihisha kasoro hii.

Mgonjwa anafaidika vipi?

Mwaka 2019 uchunguzi wa aina hii ulionyesha kuwa saratani zenye hitilafu ya kusahihisha makosa ya DNA, zikiwemo baadhi za utumbo mpana, tumbo na mji wa mimba, huitegemea jeni WRN. Seli zisizo na hitilafu hiyo huishi bila yake. Dawa za kuizuia WRN zimeshaingia kwenye majaribio kwa binadamu. Lakini jina la jeni kwenye orodha bado si dawa. Seli za kwenye sahani hazina mfumo wa kinga wala mishipa ya damu, kwa hiyo kila jeni hupimwa tena peke yake, kisha hujaribiwa kwa wanyama.