Je, wajua? Mtoto wa siku arobaini ana dhambi gani

Jumapili moja hapa Malindi, baada ya ubatizo wa mtoto wa binamu yangu, tulikaa barazani tukingoja pilau. Kigauni cheupe cha mtoto kilikuwa bado kibichi shingoni, na utosi wake ulinukia mafuta ya krisma. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu anayefundisha madrasa, alikuja kutoa hongera. Akampakata mtoto, akamtazama, kisha akauliza kwa upole: "Sasa huyu, kiumbe wa siku arobaini, mumemuosha dhambi gani?"

Watu wakacheka. Kisha Wakristo waliokuwepo wakaanza kujibu, na kicheko kikaisha hapo hapo, maana kila mmoja alikuwa na lake. Mama wa mtoto, Mkatoliki, akasema ni dhambi ya asili. Mjomba, ambaye ni Mpentekoste, akasema mtoto hahesabiwi dhambi mpaka ajue jema na baya. Wanawe yeye aliwaweka wakfu tu kanisani, na walipopata akili wakaingia baharini wenyewe kubatizwa. Kijana mmoja Mwanglikana akachukua nusu ya huku na nusu ya kule.

Kwangu mimi, nusu ya ubishi huu imo ndani ya neno lenyewe. Mtu akisema "asili yangu ni Lamu", anataja alikotoka. Akisema "asili ya nge ni kuuma", anataja nge alivyo. Basi "dhambi ya asili" yaweza kuwa ile ya mwanzo, siku Adamu na Hawa walipokula tunda walilokatazwa, na yaweza kuwa dhambi iliyoingia katika maumbile yetu sisi. Juu ya ile ya mwanzo Wakristo wengi hawagombani. Wanagombania urithi: Adamu alituachia nini hasa? Deni, ugonjwa, kifo, au mfano mbaya tu?

Hayo si mamoja. Deni lina mdai, na mdai huja na daftari. Selimundu, ugonjwa unaojulikana sana huku kwetu, mtoto huurithi kwa wazazi na ukamtesa, lakini hakuna anayemwambia ana hatia.

Aliyeshikilia kuwa ni deni, na ugonjwa juu yake, alikuwa Mwafrika: Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo mpaka alipofariki mwaka 430. Mpinzani wake alikuwa Pelagio, mtawa aliyetoka Uingereza. Ukitaka kuwaelewa wawili hawa bila kusoma vitabu vyao vizito, chukua methali mbili. Pelagio alishika "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo": tunazaliwa safi, Adamu alituonyesha njia mbaya, nasi tunaweza kuikataa. Augustino alishika "mtoto wa nyoka ni nyoka".

Hoja ya Augustino haikutegemea tunda peke yake. Ilitegemea pia maji. Kanisa la zama zake lilikuwa tayari linabatiza watoto wachanga, na ubatizo ulitajwa kuwa ni kwa ondoleo la dhambi. Kama hawana dhambi, akauliza, maji ya nini? Ni swali lile lile la mzee wetu wa madrasa, ila limegeuzwa nje ndani. Desturi ilitangulia, maelezo yakafuata.

Tena alikuwa mtu wa kuangalia watoto kwa makini. Katika kitabu chake kiitwacho Maungamo anasimulia kwamba alimwona mtoto mchanga, hajajua hata kusema, amekunja uso akimtazama kwa wivu mwenzake aliyekuwa ananyonya naye ziwa moja. Aliyelea mapacha hatabisha. Kama wivu huo ni dhambi au ni njaa tu, hilo ni jambo jingine.

Kisha kuna Warumi 5:12. Augustino hakuwa mjuzi wa Kigiriki, akategemea tafsiri ya Kilatini iliyosomeka kwamba ndani ya mtu yule mmoja wote walifanya dhambi, kana kwamba sote tulikuwa viunoni mwa Adamu alipouma tunda. Lakini fungua Biblia ya Kiswahili ya Union, ile iliyokamilika mwaka 1952. Inasema mauti iliwafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi", na ndivyo wataalamu wengi wa Kigiriki wanavyousoma mstari huo leo. Msomaji wa Malindi, basi, hakutani kabisa na mstari ule jinsi Augustino alivyousoma. Sisemi fundisho zima limesimama juu ya neno moja, maana Augustino alikuwa na hoja nyingine, lakini uzito lilikuwa nao.

Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, karibu na Tunis ya leo, wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Tangu hapo, upande wa Magharibi wa Kanisa umetembea na Augustino, kwa kasi tofauti.

Waorthodoksi hawakumfuata huko. Kwao tulichorithi ni kifo na udhaifu unaoandamana na kifo. Hatia ya Adamu ilibaki ya Adamu. Na bado wanabatiza watoto wachanga, tena kwa kuwazamisha mara tatu. Kwa hiyo ukimwona mtu anambatiza mtoto, usiharakishe kudhani unajua anaamini nini. Hii pia ni sababu mojawapo hawakulipokea tamko la Papa Pio IX la mwaka 1854 kuhusu Maria, yule ambaye Wakatoliki humwita Mkingiwa Dhambi ya Asili na kumwadhimisha kila tarehe 8 Desemba. Kama hakuna hatia ya kurithi, akingiwe nini?

Ubishi wa Luther, Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti, na Kanisa la Roma ulikuwa mwembamba zaidi, nami huueleza kwa bibo. Utomvu wa bibo ukidondokea kanga, utaifua, uchafu utatoka, doa litabaki. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema mwaka 1546 kwamba ubatizo huondoa kila kilicho dhambi kweli kweli. Kinachobaki ni tamaa, doa linalovuta kwenye dhambi lakini lenyewe si dhambi. Luther alisema doa hilo ni dhambi hasa, ila Mungu hamhesabii aliye na imani. Zwingli, Mprotestanti mwingine wa Zürich, Uswisi, aliuita urithi huo maradhi, si hatia, na hapo hakuwa mbali na mfano wangu wa selimundu.

Miaka minne kabla ya tamko la Trento, mwaka 1542, mmisionari Mkatoliki Fransisko Ksaveri alipita hapa Malindi akielekea Goa, akamzika mmoja wa wasafiri wenzake. Kikanisa kidogo cha Wareno kilichoezekwa makuti bado kipo karibu na bahari. Barua yake inataja maongezi na mzee wa Kiislamu wa mji huu, aliyesikitika kwamba misikiti mingi imekosa watu. Baraza letu halikuwa la kwanza, basi.

Mzee wetu alisikiliza yote, kisha akasema kwao Adamu alitubu akasamehewa, kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi, na hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe. Mjomba akadakia kwamba Ezekieli 18:20 nayo yasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wakapeana mkono. Halafu mjomba akashtuka alipojikuta upande wa mzee, akaongeza haraka kwamba hata hivyo mwelekeo wa dhambi tumezaliwa nao, vinginevyo Yesu alikuja kufanya nini?

Bibi alikuwa pembeni anamenya machungwa, kimya muda wote. Akauliza: "Na wale wasiowahi maji?" Yeye alifiwa na mtoto kabla ya ubatizo, na katekista wa siku hizo alimwambia mtoto yuko Limbo, hayuko motoni wala mbinguni. Augustino alikuwa mkali kuliko hivyo; aliona wanaadhibiwa, japo kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Limbo ilizuka baadaye kama njia ya kupunguza makali, na haikuwahi kuwa fundisho la lazima. Nikamweleza kwamba mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa Katoliki ilichapisha waraka unaosema zipo sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wameokolewa.

"Elfu mbili na saba," akarudia. "Wangu alikufa mwaka wa uhuru."