Funga daftari: kujiandaa na mtihani na kuuandika kwa utulivu

Ninafundisha Biolojia na ndimi mwalimu wa unasihi shuleni kwetu, kwa hiyo mtihani wa kidato cha nne naukuta kwa milango miwili: darasani ninapomalizia topiki za mwisho, na ofisini anapokuja mwanafunzi aliyesoma usiku na mchana akaniambia, "Mwalimu, nikiishika pepa tu nasahau vyote." Wengi wanaokuja na maneno hayo si wavivu hata kidogo. Madaftari yao yamejaa, yamepigwa mistari ya rangi, pembe zimekunjika kwa kufunguliwa. Kinachowaangusha ni aina ya kusoma waliyoizoea. Nataka kuizungumzia hiyo kwa kirefu, kwa sababu naamini utulivu wa chumba cha mtihani unatoka huko kwanza, hayo mengine yote yanafuata.

Mtazame mwanafunzi akiwa prepo, kile kipindi cha kujisomea jioni. Amefungua notisi za mzunguko wa damu, anasoma ukurasa, anarudia, anapiga mstari. Kila sentensi anaiona ni ya kawaida, anaijua. Nikimwomba alifunge daftari achore moyo kwenye karatasi tupu, anaweka vyumba vinne vizuri kabisa, kisha kalamu inasimama. Mshipa unaorudisha damu kutoka mapafuni unaingia upande gani, kushoto au kulia? Dakika mbili zilizopita alikuwa anautazama. Kulitambua jambo ukiliona na kulitoa kichwani bila kuliona ni kazi mbili tofauti, na mtihani unapima ya pili, wakati yeye muhula mzima amefanya mazoezi ya ile ya kwanza.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima hili kwa wanafunzi wa chuo. Wote walisoma habari fupi. Baadhi wakaisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Na katika jaribio lao la pili, waliorudia kusoma mara nyingi ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo pa kutazama. Kusoma kwa kurudia kunakupa kujiamini kusikokuwa na kitu nyuma yake, na kujiamini huko kunavunjika siku ya pepa, mbele ya swali la kwanza lisilofanana na daftari lako. Mwanafunzi anaita hali hiyo kusahau. Mara nyingi hakusahau. Hajawahi kulitoa jambo hilo kichwani hata mara moja.

Basi funga daftari. Soma mada mara moja kwa makini, lifunge, chukua karatasi tupu uandike kila unachokikumbuka: mchoro, hatua, sababu, mifano. Itauma, na dakika kumi za kwanza utahisi hujui kitu. Vumilia. Ukikwama kabisa, fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Zile sehemu za rangi nyingine ndizo za kusoma leo. Zilizobaki unazijua, ziache. Rudi kwenye mada hiyo hiyo baada ya siku mbili na karatasi nyingine tupu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili au tatu. Yule Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha kazi yake mwaka 1885, alionyesha kwamba mengi tunayoyakariri hupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyoachana kwa siku yanadumu kuliko marudio mengi ya siku moja. Kwa mwenye mtihani wa Novemba, saa moja ya Kemia kila baada ya siku chache kuanzia Julai inashinda saa kumi na mbili za Kemia kwenye wikiendi moja ya Oktoba.

Kuna jambo la Tanzania ambalo vitabu vya nje havilitaji. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafundishwa sekondari kwa Kiingereza na anajibu kwa Kiingereza. Nina wanafunzi wanaoeleza mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili safi kiasi kwamba unafurahi kuwasikiliza, kisha karatasini wanaandika mistari miwili. Kikundi cha kujisomea kinachoelekezana kwa Kiswahili pekee kinajenga uelewa, na uelewa ni wa lazima, lakini hakijafika mwisho wa safari. Eleweni kwa Kiswahili, kisha kila mmoja achukue karatasi aandike jibu kamili kwa lugha ya mtihani, na mwenzake alisome. Nawasihi walimu wenzangu wasiwacheke wanaokosea sarufi katika hatua hii. Mtoto aliyechekwa Agosti hatathubutu kuandika sentensi ndefu Novemba.

Wiki za mwisho, mazoezi yafanane na siku yenyewe. Chukua mtihani wa mwaka uliopita, kaa mezani peke yako, simu iwe chumba kingine, saa iwe mbele yako, usinyanyuke mpaka muda uishe. Hapa hesabu ya dakika inasaidia kuliko maneno ya kutiana moyo. Karatasi ya nadharia ya Biolojia, kwa muundo wa miaka ya karibuni, ni saa tatu na alama 100: Sehemu A alama 16, Sehemu B maswali sita ya alama tisa tisa, Sehemu C unachagua maswali mawili kati ya matatu, kila moja alama 15. Saa tatu ni dakika 180. Ipe Sehemu A dakika 25, kila swali la Sehemu B dakika 14, kila swali la Sehemu C dakika 24. Jumla ni dakika 157. Zinabaki 23 za kusoma maelekezo, kuchagua maswali na kupitia majibu. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii mara kadhaa nyumbani hashtuki mwenzake anapoomba karatasi ya nyongeza. Anajua yuko wapi.

Hesabu nyingine ya kukutuliza: kidato cha nne, A inaanzia alama 75 na C inaanzia 45. Unaweza kupoteza alama 25 na bado ukapata A. Swali moja lililokushinda halijakuangusha.

Sasa hofu yenyewe. Ubongo ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, na baadaye kidogo ile ya kortisoli. Moyo unaenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli, mmeng'enyo unapungua kasi, ndiyo maana tumbo linavurugika na mdomo unakauka kabla ya pepa. Viganja vinatoa jasho. Hakuna ugonjwa hapo. Ni mwili uliojiandaa kukimbia, na wewe umekaa kwenye kiti. Kiasi fulani cha msukumo huo kinafaa: Robert Yerkes na John Dodson walionyesha mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba kazi ngumu ilifunzwa vizuri zaidi msukumo ulipokuwa wa wastani, na ulipozidi panya walichelewa kujifunza. Tatizo la mtahiniwa ni huko kuzidi. Kichwa kina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, na mawazo ya "nikifeli baba atasemaje" yanakaa kwenye nafasi ile ile inayotakiwa kupanga jibu. Jambo ulilolitoa kichwani mara nyingi linahitaji nafasi ndogo tu ili litoke tena. Jambo ulilolisoma kwa macho linahitaji nafasi kubwa ambayo siku hiyo huna. Ndiyo sababu nimeliandikia daftari lililofungwa aya nyingi kuliko hofu.

Bado kuna mambo ya kufanya ukiwa umeshakaa. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta: vuta kwa kuhesabu hadi nne, toa kwa kuhesabu hadi sita au saba, kwa dakika moja au mbili. Unapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo kutoa kwa muda mrefu kunamwambia moyo apunguze mwendo. Fanya zoezi hili prepo pia, usiku wa kawaida, ili siku ya pepa lisiwe geni. Msimamizi akiruhusu kuanza, soma maelekezo yote hata kama unayajua, kisha anza na swali unalolimudu vizuri zaidi. Jibu la kwanza lililokamilika linatuliza kuliko pumzi. Soma swali linataka nini: aliyeambiwa ataje akafafanua amepoteza dakika, aliyeambiwa afafanue akataja amepoteza alama.

Na kichwa kikigoma? Kitagoma, hata kwa waliojiandaa. Usilikodolee macho swali hilo. Liache, hamia jingine, rudi baadaye. Ukirudi, anzia kando yake: mada hii ilikuwa na mchoro gani, kabla yake tulisoma nini, karatasi yangu ya mazoezi ilikuwaje, lile kosa la rangi nyingine lilikuwa wapi. Andika hata hoja moja uliyo na uhakika nayo, kwa sababu alama hutolewa kwa hoja, na hoja moja mara nyingi huivuta ya pili.

Kwa wale ambao hofu inaanza mapema, siku hata wiki kabla, huwapa karatasi na dakika kumi waandike kila wanachokiogopa, kisha waichane. Watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 matokeo mazuri ya kuandika hofu namna hii muda mfupi kabla ya mtihani. Majaribio mengine yaliyofuata hayakupata matokeo hayo. Mimi bado naitumia, kwa sababu haigharimu kitu na kuna watoto wanaotoka ofisini mabega yameshuka.

Kuhusu kukesha nitasema wazi: kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi mpaka saa nane usiku ni kujihujumu. Ubongo huimarisha uliyojifunza mchana wakati umelala, na kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Najua ratiba ya bweni haimpi hizo zote. Basi angalau wiki ya mtihani asizipunguze kwa hiari yake. Kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu vinamletea mwenye hofu mapigo yale yale ya moyo anayojaribu kuyatuliza. Pepa ya asubuhi inaanza saa 2. Kunywa uji au chai na kiazi, kile tumbo lako lilichokizoea.

Mkitoka, msikae chini ya mwembe kulinganisha majibu. Pepa imekwenda, hakuna anayeweza kuirekebisha, na kesho kuna nyingine. Wazazi, hili linawahusu hata zaidi. Swali la "umepata ngapi, umeweza yote?" jioni ya siku ya kwanza linamfuata mtoto kwenye pepa ya pili. Muulizeni kama amekula, kesho ana somo gani, aamshwe saa ngapi. Na kabla hata ya Novemba, mwambieni kwa maneno ya wazi kwamba matokeo ya Januari yakiwa mabaya nyumba ni yake, na kwamba kuna kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea na kuna vyuo vya ufundi vya VETA. Nimeona watoto ambao hofu yao haikuwa ya pepa hata kidogo. Walimwogopa mtu mmoja nyumbani.

Iko pia hofu ambayo haiishi kwa haya yote. Mtoto haondoki kitandani, hali chakula kwa siku kadhaa, anatapika kila asubuhi ya shule, anajitenga, au anasema ni afadhali asingekuwepo. Usimwambie ajikaze. Mpeleke kwa mwalimu wa unasihi siku hiyo hiyo, au hospitali. Akitaka kuzungumza na mtu asiyemjua, Simu ya Mtoto ni namba 116. Kuipiga ni bure, na Kenya namba ni hiyo hiyo.